Nyumbani kwa klabu ni wapi? Mechi zinapovushwa bahari

Mei 2025, siku Simba ilipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, boti ziliteremsha bandarini Malindi, hapa Unguja, jezi nyekundu tupu. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wamevuka bahari kuja kuishangilia timu yao ikiwa "nyumbani". Mwanafunzi wangu mmoja, Yanga wa kuzaliwa, akanitania: "Mwalimu, ni nyumba gani hiyo inayotaka tiketi ya boti?" Nilicheka, sikumjibu. Nafundisha uchumi wa michezo chuoni hapa Unguja, na kusema kweli sikuwa na jibu fupi. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na si fupi.

Tuanze na tunalolijua. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilikuwa limekataa hali ya nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Simba ikahamia Uwanja wa Amaan, hapa Unguja, kwanza kwa nusu fainali dhidi ya Stellenbosch ya Afrika Kusini, kisha kwa fainali. Mkapa unaingiza watu 60,000. Amaan, hata baada ya ukarabati mkubwa uliozinduliwa Disemba 2023, unaingiza kama 15,000. Kwa hivyo kati ya kila watu wanne ambao wangekaa Mkapa, watatu hawakuwa na kiti, hata kama wangekuwa na nauli. Mechi ikaisha 1-1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1. Kama Mkapa uliojaa ungebadilisha matokeo, hilo waachie wa barazani, wanalimudu zaidi yangu.

Simba ililazimika. Lakini zipo klabu zinazohama bila kufukuzwa na mtu, zinafunga virago kwa hiari yao kwa sababu kuna mtu ng'ambo ameonesha pesa. Kulielewa hilo inabidi twende kwenye mchezo ambao visiwani petu wachache wanaucheza, nao ni raga: mpira wa umbo la yai, watu 15 kila upande, unabebwa mikononi na kugombewa kwa mabega. Nimeuchagua kwa sababu klabu za raga za Uingereza zilikwisha kulifanya jambo ambalo ligi kubwa za soka zimekuwa zikilijaribu tu. Matokeo yake yako wazi, hayahitaji ramli.

Machi 12, 2016, klabu ya London Irish ilicheza mechi yake ya nyumbani ya Ligi Kuu ya Uingereza dhidi ya Saracens huko New Jersey, Marekani, upande wa pili wa mto kutoka New York. Klabu hii iliasisiwa na Waairishi wa London mwaka 1898. Tangu 2000 ilikuwa imeshauhama mji wake na kuchezea Reading, magharibi ya London, kwa hivyo mashabiki wake tayari walikuwa wamezoea safari. Tarehe ilichaguliwa kwa hesabu: siku chache kabla ya Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, siku ambayo New York nzima hujifanya ya Kiairishi. Waliingia watu 14,811 katika uwanja wa watu 25,000. London Irish wakafungwa 26-16, na mwisho wa msimu wakashuka daraja.

Niwe mwadilifu: si safari ile iliyowashusha. Walikuwa mkiani kabla ya kupanda ndege. Lakini timu iliyo mkiani, inayozihitaji pointi za nyumbani kama mgonjwa anavyohitaji dripu, kuichukua mechi moja kati ya 11 za nyumbani na kuipeleka ng'ambo ya Atlantiki, hiyo ni bahati nasibu.

Mwaka uliofuata, Septemba 16, 2017, zamu ikawa ya Newcastle Falcons, tena dhidi ya Saracens, katika kiwanja kilicho jirani na mji wa Philadelphia. Wakafungwa 29-7. Waliohudhuria walikuwa 6,271. Kiwanja cha Newcastle kule kwao, Kingston Park, kinaingiza kama 10,000. Yaani unaivusha mechi bahari kuu, unaikusanyia watu ambao uwanja wako mdogo ungewaenea wote na nafasi ikabaki, halafu unaita jambo hilo kutanuka.

Kwa nini basi wakubwa wa klabu walikubali? Si wendawazimu, na wala sitawaita wezi. Klabu ya raga ya Uingereza inaishi kwa viingilio vya mlangoni, vinywaji, maegesho, wadhamini na mgao wa haki za matangazo, na nyingi kati yao hutumia zaidi ya wanachoingiza. Hii si hadithi: Worcester na Wasps zilianguka kwa madeni mwaka 2022, na London Irish yenyewe ikasimamishwa Juni 2023. Kwa klabu ya namna hiyo, promota anayekuja na malipo ya uhakika, watu waje wasije, mvua inyeshe isinyeshe, ni kama tajiri anayelinunua zao lako lote shambani kabla hujavuna. Hatari ya viti vitupu inakuwa yake. Ligi nayo ina hamu zake, inataka Wamarekani wauone mchezo ili kesho wanunue haki za matangazo. Ukizitazama karatasi za mhasibu peke yake, jambo linakaa sawa kabisa.

Ila karatasi zile hazina safu ya shabiki.

Shabiki wa Uingereza hununua tiketi ya msimu kabla msimu haujaanza. Amelipia mechi 11 za nyumbani, anapewa 10. Klabu iliyo na adabu itamrudishia thamani ya ile moja, au itampa punguzo la safari. Lakini punguzo la safari ya New York linamfaa nani? Linamfaa aliyekwisha kuwa na uwezo wa kwenda New York. Mzee anayekaa jukwaa lile lile tangu ujana wake, mama mwenye watoto watatu, mtu wa kiti cha magurudumu, kijana anayefanya kazi hadi Jumamosi mchana, hao wote wameachwa gatini. Kwa hivyo mechi ikihamishwa, idadi ya watazamaji hubadilika na aina yao pia. Uwanja unajaa, kama unajaa, watu wa mara moja: wamekuja kwa sikukuu, wamepiga picha, wameondoka. Hawarudi Jumamosi ijayo kunyeshewa mvua na timu iliyofungwa mechi sita mfululizo.

Na ushabiki ni mazoea. Hili wachumi wa michezo tunalisisitiza mno darasani na wanafunzi hulichukulia jepesi, kwa kuwa wenyewe bado wana moto. Shabiki wa kawaida huenda uwanjani kwa sababu wiki iliyopita alikwenda, kaka yake anakwenda, na wanapitia pale pale kula. Mkatie Jumamosi moja, atagundua kuwa kuna mambo mengine ya kufanya siku ya Jumamosi. Wengi watarudi. Baadhi hawatarudi, na klabu haitapata barua ya kuiarifu.

Kuna na riziki ya watu wa nje ya geti. Siku ya fainali ile, wenye urojo, mishikaki na juisi ya miwa kuzunguka Amaan walifanya biashara ya Idi, na waendesha bodaboda hawakushika chini. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini fedha ile haikushuka na mvua. Ni ile ile ambayo ingeachwa Temeke, kwa wauza maji na wachoma mahindi wa karibu na Mkapa. Mechi inapohamishwa, anayeipokea hushangilia kwa sauti, na aliyepokonywa hulala njaa kimya kimya. Sisi Unguja siku hizi tumekuwa wapokeaji. Yanga nayo ilikuja kucheza na CBE ya Ethiopia hapa Septemba 2024, ikashinda 6-0. Ndiyo maana naona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili kwa jicho la aliyeachwa.

Uwanjani penyewe kuna hasara nyingine. Faida ya kucheza nyumbani ipo, na sehemu yake kubwa ni watu. Viwanja vya Ulaya vilipofungiwa watazamaji mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watafiti waliokagua matokeo ya ligi waliona faida ile imepungua, na waamuzi hawakuwaonea tena wageni kwa kadi kama zamani. Klabu inayouza mechi ya nyumbani inauza na kelele zile, ambazo haikuzilipia na haiwezi kuzinunua.

Hata hivyo si kila kuvuka mpaka ni kupotea. Aprili 2011, Perpignan ya kusini mwa Ufaransa ilipata robo fainali ya Kombe la Heineken, kombe la klabu za raga za Ulaya, dhidi ya Toulon. Kiwanja chao, Aimé Giral, hakifiki watu 15,000. Wakaipeleka mechi Barcelona, Hispania, katika uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc, wakaingia watu 55,000 hivi, na Perpignan wakashinda 29-25. Nchi ni nyingine, bendera ya serikali ni nyingine, lakini Perpignan ni mji wa Wakatalani, na Barcelona ndio mji mkuu wa Wakatalani. Njia ya gari haifiki kilomita 200. Biarritz nao, watu wa nchi ya Wabaski, walikuwa wakizivusha mechi zao kubwa hadi San Sebastián, Hispania, ambako nako ni kwa Wabaski. Hao walihama nchi bila kuwahama watu wao. Kipimo, basi, ni nani anaweza kuifuata timu akarudi kwake usiku ule ule. Kwa kipimo hicho Simba kuja Amaan, muda wa saa mbili hivi kwa boti bila viza, kuko karibu zaidi na Barcelona ya Perpignan kuliko New Jersey ya London Irish.

Sasa turudi kwetu, maana wengi tunadhani haya ni ya Simba na Wazungu. Ligi yetu ya Zanzibar inachezewa katika viwanja vya kuhesabika: Amaan, Mao Zedong, Gombani ya Pemba na vichache vingine. Timu mbili zinaweza kukutana Mao, zote zikiwa zimezoea kuchezea pale, na mmoja akaitwa mwenyeji kwa sababu tu jina lake limeandikwa kwanza. Halafu kuna timu za vikosi vya serikali, KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, ambazo uti wao wa mgongo ni taasisi, na kuna timu za mitaa kama Malindi na Mlandege, ambazo uti wao ni watu wa mtaani. Ya kikosi ukiihamisha, malalamiko yatakuwa machache. Ya mtaa ukiihamisha umeikata mizizi. Amaan ulipokuwa ukikarabatiwa mwaka 2023, wawakilishi wetu wa Afrika walikwenda kuchezea Chamazi, Dar es Salaam. Hapo hapakuwa na hiari, kama ambavyo Burundi hawakuwa nayo walipowapokea Cameroon katika Uwanja wa Mkapa Juni 2022, au Al Hilal ya Sudan ambayo vita viliifanya iende kucheza ligi ya Mauritania.

La hiari linakuja kwa mlango mwingine. Katika soka la Afrika klabu yenye mfuko mwembamba ikipangiwa klabu tajiri, hupata ushawishi: njooni mcheze kwetu mechi zote mbili, tiketi na hoteli juu yetu, na kitu kidogo cha kurudi nacho. Kiongozi ambaye hajui nauli ya kwenda ataipata wapi anaona neema imeshuka. Simlaumu haraka. Lakini shabiki ana haki ya kuuliza, na maswali ni haya: mkataba ni wa kiasi gani, na fedha itaingia akaunti ipi? Wanachama waliulizwa kabla ya kutia saini au walisikia redioni? Aliyelipa kiingilio mapema anarudishiwa lini? Na kama ni kweli hali ni ngumu, kwa nini pasitafutwe uwanja wa karibu ambao watu wataufikia? Viongozi wasioweza kuyajibu manne hayo mbele ya wanachama, mechi hiyo wameiuza ovyo.

Msidhani kuuliza hakuna tija. Mwaka 2008 Ligi Kuu ya soka ya Uingereza ilitaka kuongeza mzunguko mmoja uchezwe nchi za nje, mashabiki wakaja juu, ukazikwa. Oktoba 2025 ilipangwa Villarreal na Barcelona wakacheze mechi ya ligi Miami mwezi Disemba, mechi ambayo mwenyeji wake ni Villarreal, mji mdogo ambao Barcelona kuja kwao ndiyo siku kubwa ya mwaka. Wachezaji wa Hispania walisimama wima sekunde 15 za mwanzo wa mechi zao bila kuugusa mpira. Siku chache baadaye safari ya Miami ikafutwa.

Mwanafunzi wangu yule alinibana tena, siku moja ilipotajwa darasani Januari 2025. Kombe la Mapinduzi mwaka ule lilipelekwa Pemba lote, Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wakalichukua Januari 13 kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1. "Na hilo je, mwalimu, si lilihamishwa?" Lilihamishwa, ndiyo. Watu wa Unguja tulipoteza. Lakini Wapemba wamepanda meli usiku miaka na miaka kuja kuiona timu yao hiyo hiyo Amaan, na hakuna aliyewahi kuandika makala kuuliza nyumbani kwao ni wapi. Nilipotaka kwenda mimi, nafasi za meli zilikuwa zimeshajaa. Fainali niliitazama kwa televisheni, Mwanakwerekwe, na wanaume kama 30 wamebanana barazani, na bao la pili lilipoingia jirani yangu, mzaliwa wa Wete, alikuwa na simu sikioni anamsikiliza ndugu yake aliyekuwa uwanjani, wala hakutazama televisheni tena.