Nyumba ya boriti, spika mpya: pima chumba kabla ya kununua

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na watu wa Mkomani na Shela, hapa Lamu, ni hili: ninunue mfumo wa Dolby Atmos wenye spika za kurusha sauti juu, au nibaki na spika mbili? Kabla sijajibu, nami huuliza dari ni ya nini na chumba kina upana gani.

Dolby Atmos iliingia majumbani mwaka 2014, na wazo lake ni zuri: sauti nyingine zije kutoka juu ya kichwa chako. Kwa asiyetaka kutoboa dari, watengenezaji walileta spika inayoelekezwa juu, ili sauti igonge dari na kumrudia msikilizaji. Kwetu hoja ya kutotoboa ina uzito, kwani mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na kuta na dari zake hazichimbwi ovyo. Tatizo ni kwamba spika hizo zinataka dari bapa na ngumu. Sauti ikifika kwenye boriti hutawanyika kila upande, na ile mvua ya kwenye filamu iliyopaswa kunyesha juu yako inasikika ikitoka kwenye meza ya televisheni. Makuti ndiyo kabisa, yanaimeza humo humo. Kwa nyumba ya boriti, basi, jibu langu ni hapana. Mwenye dari ya zege, kama katika fleti za Malindi, anaweza kuzijaribu kwa moyo mkunjufu.

Boriti hizo hizo ndizo zilizoamua umbo la vyumba vyetu. Mti wa mkoko ukiwa mrefu mno haubebi uzito wa dari, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, na upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Chukua chumba cha upana wa mita 2.8. Kwa joto letu sauti husafiri karibu mita 347 kwa sekunde. Zigawe kwa mara mbili ya upana, yaani 5.6, upate 62. Hiyo ndiyo hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, ambayo kuta mbili ndefu zitarudishiana mpaka ijae chumba kizima: kishindo cha ngoma, noti za chini za gitaa la besi. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa humeza besi kidogo mno. Mteja mmoja wa Langoni aliniuliza, "Fundi, mbona yavuma kama tumo ndani ya birika?" Alikuwa amelieleza jambo lilivyo.

Wapo wanaotegemea zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ukutani. Zinasaidia kweli, ila kwa sauti za kati na za juu. Katika miaka ya 1970 mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder alibuni vibao vyenye vishimo vya vina tofauti ili kuitawanya sauti, na ukuta wa zidaka hufanya kazi ya jamaa hiyo. Taarabu ikipigwa mbele yake, udi na fidla husikika hai bila kuchoma masikio. Lakini wimbi la hezi 62 lina urefu wa zaidi ya mita 5. Kidaka chenye kina cha shubiri halikioni.

Kwa hiyo anza kwa kusogeza spika. Ziweke kwenye ukuta mfupi, kila moja ikiwa mbali na ukuta wake mrefu sawasawa na mwenzake. Zikipiga besi ile ile, ya kushoto na ya kulia zinafutana katika hilo wimbi la upana, na mvumo unapungua sana bila kutoa hata shilingi. Wewe kaa kati ya chumba. Najua desturi yetu ni kupanga viti kwenye ukuta mrefu, migongo ikiegemea, na hapo ndipo besi inapojaa kuliko pote.

Baada ya hapo ndipo vifaa vipya vinapostahili pesa yako. Tafuta amplifaya yenye programu ya kusahihisha chumba: Audyssey kwenye Denon na Marantz, YPAO kwenye Yamaha, au Dirac Live ya Uswidi inayopatikana kwenye chapa kadhaa. Unaweka maikrofoni pale unapokaa, spika zinatoa mlio wa majaribio, kifaa kinasikiliza kisha kinashusha palipovimba. Kushusha kinaweza sana. Kujaza shimo, pale mawimbi yanapofutana, hakiwezi: kuongeza desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kunadai nguvu mara 10, na unachoongeza kinafutwa tena. Pima kukiwa kimya, feni imezimwa na madirisha yakiwa vile unavyoyaacha ukisikiliza.

Kuhusu wati sina mengi. Yale maelfu ya PMPO, yaani nguvu ya kilele cha mara moja, yanayochapishwa kwenye maboksi ya sabufa yapuuze, soma wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Amplifaya ndogo kama WiiM Amp ya 2023, yenye wati 60 kila upande kwa omu 8, inatosheleza chumba cha namna hii, na ina tundu la HDMI ARC, kwa hiyo televisheni na muziki vinapita kwenye spika zile zile mbili na rimoti ya televisheni inapandisha na kushusha sauti.

Chumvi ndiyo isiyotajwa kwenye matangazo. Chagua spika ambazo ukingo wa koni yake ni wa mpira, kwani ule wa sponji unamung'unyika katika unyevu wa pwani. Waya nunua wa shaba iliyopakwa bati, kama unaotumika kwenye boti, maana shaba tupu inageuka kijani kwenye ncha na sauti inaanza kukatika. Kwa nyumba za Shela zinazotazama bahari, mimi huzifungua ncha zote na kuzisafisha kila kusi inapoisha.