Albamu ya Dirt ya Alice in Chains: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dirt, albamu ya pili ya bendi ya Alice in Chains ya Seattle, Marekani, ilitolewa na kampuni ya Columbia tarehe 29 Septemba 1992. Ilifika nafasi ya 6 katika chati ya Billboard na imeuza mamilioni ya nakala, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba haijulikani. Kinachojulikana, hata hivyo, ni nyimbo chache zilizopigwa sana redioni na kwenye televisheni. Albamu yenyewe, kwa maana ya simulizi moja ya uraibu wa heroini iliyopangwa hatua kwa hatua, haijapewa heshima inayostahili. Panapotajwa albamu zenye kisa kimoja, watu huitaja The Wall ya Pink Floyd na The Downward Spiral ya Nine Inch Nails, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Naona kwamba Dirt imepunjwa, na kwamba imepunjwa kwa sababu ya mambo yasiyo ya kweli yanayosemwa juu yake mara kwa mara, mengine yakisemwa na watu wanaoipenda kwa dhati.

"Inasifu dawa za kulevya"

Dhana hii hutokana zaidi na wimbo wa "Junkhead". Msimulizi wake ni mtumiaji anayejiona mjanja kuliko wote: anapoulizwa anapendelea dawa ipi, anajibu kwa kumuuliza mwenzake anayo ipi, kisha anawabeza wasomi wenye vitabu na shahada zao, akidai kwamba wangefungua akili zao wangefanya kama afanyavyo yeye. Mtu akiusikia wimbo huo peke yake anaweza kuapa kwamba ni tangazo la biashara. Lakini sikiliza muziki uliowekwa chini ya majigambo hayo. Gitaa ni zito na mwendo ni wa polepole mno, bila chembe ya furaha ambayo maneno yanaidai, kiasi kwamba msikilizaji makini anaanza kuyatilia shaka maneno hayo kabla msimulizi mwenyewe hajayatilia.

Layne Staley, mwimbaji wa bendi, aliumizwa na upotoshaji huo. Alipohojiwa na jarida la Rolling Stone mwaka 1996, alieleza kwamba hakutaka mashabiki wake wadhani heroini ni kitu cha kuonea fahari, na kwamba baadhi yao walikuwa wakimjia, wakimwonyesha dole gumba na kumwambia kuwa wamelewa. Hilo, alisema, ndilo hasa ambalo hakutaka litokee.

"Ni mkusanyiko tu wa nyimbo za huzuni"

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo Dirt inapokosewa haki zaidi.

Jerry Cantrell, mpiga gitaa na mtunzi mwenza, katika maelezo yaliyoambatana na mkusanyiko wa Music Bank wa mwaka 1999, alisema wazi kwamba nyimbo 5 kuanzia "Junkhead" hadi "Angry Chair" zimefuatana kwa makusudi kwa sababu zinasimulia kisa. Kisa hicho kinaanza na fikra za kijana asiyejua kitu, anayeamini kwamba dawa ni raha tupu, na kinaendelea hadi anapotambua kwamba mambo sivyo yalivyo. Staley naye aliieleza albamu kwa namna inayokaribiana na hiyo: mtu ana maumivu ndani yake, anakimbilia dawa akiamini amepata jibu, kisha anazidi kuteremka hadi anagundua kwamba dawa hazikuwa jibu hata siku moja.

Nyimbo hizo zikisikilizwa kwa mfuatano wake, mteremko huo unasikika waziwazi. Baada ya majigambo ya "Junkhead" unakuja wimbo wenyewe wa "Dirt", ambamo mtu yuleyule aliyekuwa akiwabeza wenzake sasa anajidharau kiasi cha kutamani kufukiwa ardhini. Katika "God Smack" sauti ya Staley inatetemeka kwenye beti, inapanda na kushuka kama ya mtu asiyeweza kutuliza koo lake, na sindano sasa inatajwa bila kificho. Halafu unakuja "Hate to Feel", wimbo ambao kwangu ndio kilele cha albamu yote. Ndani yake msimulizi anakiri kwamba zamani alichukua dawa kwa udadisi, lakini leo dawa hiyohiyo imekuwa riziki ya mwili wake, na papo hapo anakiri kwamba siku zote aliapa hatakuwa kama baba yake, na sasa hana budi kujitazama alivyo. Maungamo hayo mawili yamepangwa yakigusana, na sijui wimbo mwingine wa roki wa miaka hiyo uliosema mengi kuhusu uraibu kwa maneno machache namna hiyo. Hatimaye "Angry Chair" inamkuta ameketi peke yake chumbani. Hakuna tena anayebishana naye, wala hana tena wa kumbeza.

Kwa nini basi kisa hiki hakikusikika? Jibu moja liko katika uchaguzi wa nyimbo zilizotolewa kama singo, yaani zilizotolewa mojamoja nje ya albamu. Zilikuwa 5: "Would?", "Them Bones", "Angry Chair", "Rooster" na "Down in a Hole". Kati ya hizo, ni "Angry Chair" pekee iliyomo katika kisa cha nyimbo 5. Msikilizaji wa redio alipewa mwisho wa hadithi bila mwanzo wala katikati yake, na hakuwa na njia ya kujua kwamba amekatiwa kipande tu. Jibu la pili ni kwamba mpangilio wa nyimbo haukuwa mmoja katika matoleo yote, kwani "Down in a Hole" imewekwa ya 4 katika baadhi ya nakala, na katika nyingine imesogezwa hadi karibu na mwisho. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kudai kwamba bendi haikujali mpangilio. Lakini ukizilinganisha nakala za aina zote mbili utaona kwamba mfululizo wa kuanzia "Junkhead" hadi "Angry Chair" haukuguswa. Wimbo uliohamishwa ni ule ulio nje ya kisa.

Ni kweli kwamba Dirt si albamu ya kisa kimoja kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na Staley mwenyewe hakudai hivyo. Nyimbo za mwanzo zinaandaa mazingira ya hofu ya kifo na ugomvi, kisa kinachukua nafasi ya katikati, na "Would?" inakuja mwishoni. Sioni kwamba jambo hilo linaipunguzia chochote.

"Yote ni shajara ya Layne Staley"

Sauti ya Staley ina nguvu kiasi kwamba ni rahisi kumhesabia kila neno analoliimba. Ukweli ni kwamba nyimbo 4 kati ya zile singo 5 zilitungwa na Cantrell peke yake, maneno na muziki pia. "Rooster" inamhusu baba yake Cantrell, aliyepigana vita vya Vietnam na aliyeitwa kwa jina hilo la utani tangu utotoni. Baba huyo anaonekana na kuzungumza katika video ya wimbo iliyoongozwa na Mark Pellington. "Down in a Hole" ni wimbo wa mapenzi. "Them Bones" ni tafakuri juu ya kifo, iliyojengwa juu ya mapigo 7 yanayomfanya msikilizaji ajione anakanyaga hewa kila mzunguko unapoisha. "Dam That River", ambayo pia ni ya Cantrell, ilitokana na ugomvi wake na mpiga ngoma Sean Kinney, aliyempiga kichwani kwa meza ndogo.

"Would?" ilitungwa kwa kumkumbuka Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone, aliyefariki mwezi Machi 1990 akiwa na umri wa miaka 24 baada ya kuzidisha heroini. Cantrell ameeleza kwamba wimbo huo unawalenga pia watu wepesi wa kuhukumu maamuzi ya wengine.

Mchango wa Staley, kwa upande mwingine, haupaswi kudogoshwa. "Hate to Feel" na "Angry Chair", zile zinazokifunga kisa, alizitunga peke yake, maneno na muziki. Wanaomwona kama mwimbaji aliyetungiwa kila kitu na Cantrell wanakosea sawa na wale wanaomhesabia yeye kila kitu.

"Mwanamke wa kwenye jalada ni mchumba wake"

Jalada linaonyesha mwanamke aliyefukiwa nusu katika ardhi kavu iliyopasuka. Kwa miaka mingi imevumishwa kwamba ni Demri Parrott, aliyekuwa mchumba wa Staley na aliyefariki mwaka 1996. Si yeye. Aliyepigwa picha ni mwigizaji Mariah O'Brien, na mpiga picha ni Rocky Schenck.

"Walifuata mkumbo wa Nirvana"

Tarehe zinatosha kulijibu hili. Facelift, albamu ya kwanza ya Alice in Chains, ilitoka Agosti 1990. Nevermind, albamu ya bendi ya Nirvana, ilitoka Septemba 1991. Zaidi ya hayo, Alice in Chains walikuwa karibu zaidi na muziki wa metali: mwaka 1991 walizunguka Marekani wakitumbuiza pamoja na Slayer, Megadeth na Anthrax, na Tom Araya wa Slayer anasikika katika kipande kifupi kilichomo katikati ya Dirt. Namna Staley na Cantrell wanavyooanisha sauti zao, moja ikiwa na makali na nyingine ikiwa na ubaridi, haikuazimwa kwa jirani yeyote wa Seattle.

"Alijua yote hayo na bado akafa, basi alikosa nia"

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu haiishii kwa Staley. Husemwa hivyohivyo juu ya vijana wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa walionaswa na unga.

Heroini ikitumiwa mara kwa mara, ubongo na mwili hujirekebisha kulingana nayo. Kiasi kilicholeta raha mwanzoni hakitoshi tena, na dawa ikikosekana inakuja arosto: maumivu ya mifupa na misuli, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Kufikia hapo mtu hatumii tena ili astarehe. Anatumia ili aweze kusimama. Hicho ndicho "Hate to Feel" inachokisema, na ilikisema mwaka 1992 kupitia kinywa cha mtu aliyekuwa ndani ya hali hiyo. Hatari nyingine ni kwamba mtu akiacha kwa muda, uvumilivu wa mwili hushuka, na akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Kujua hatari hizo hakuzifuti. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikaanza kuitoa kwa waraibu wa heroini mwaka 2011. Ugonjwa unaotibiwa kliniki, kwa dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, hauwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba mgonjwa hakuwa na nia.

Staley alifariki Aprili 2002 akiwa na umri wa miaka 34, baada ya kutumia heroini na kokeini kwa pamoja. Mwili wake ulikutwa nyumbani kwake Seattle tarehe 19 Aprili, wiki mbili hivi baada ya kifo. Wapo wanaokichukua kifo hicho kama ushahidi kwamba Dirt ilikuwa maigizo. Mimi nasema kinyume chake: aliyoyasimulia yalikuwa ya kweli, na ukweli huo haukuwa na nguvu ya kumponya.

"Wote walioifanya waliangamia"

Mike Starr, aliyepiga besi katika albamu hii na kuondoka katika bendi mwanzoni mwa mwaka 1993, alifariki mwaka 2011 baada ya kuhangaika na uraibu kwa miaka mingi. Sean Kinney bado anapiga ngoma za Alice in Chains, na tangu mwaka 2006 William DuVall ameshika nafasi ya uimbaji kando ya Cantrell, wakiendelea kuzitumbuiza nyimbo za Dirt. Cantrell naye aliingia katika ulevi na dawa, akatibiwa, akaacha. Mwaka 2012 taasisi ya MusiCares, inayosaidia wanamuziki wenye shida za uraibu, ilimpa tuzo yake ya Stevie Ray Vaughan kwa mchango wake katika kuwasaidia wengine kupona.