Futures: oda ya miezi sita kabla iliyoikuza Nike

Katika biashara ya raba za michezo, Futures ni oda isiyofutika. Mwenye duka anaagiza viatu miezi mitano au sita kabla ya kuvipokea, anataja aina, rangi na idadi ya pea kwa kila saizi, na akishasaini hana ruhusa ya kubadili mawazo. Kampuni nayo inamhakikishia kwamba bei haitapanda na kwamba asilimia 90 ya mzigo wake utafika ndani ya muda waliokubaliana. Usichanganye na arbuni: siku ya kuagiza hakuna fedha inayotoka mfukoni. Kinachotoka ni ahadi iliyoandikwa, na ahadi hizo ndizo zilizoivusha Nike kipindi ambacho ingeweza kufa ikiwa bado changa.

Jambo hili halieleweki bila kuangalia fedha. Mwaka 1964 Phil Knight, mhasibu aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya Chuo Kikuu cha Oregon, aliungana na kocha wake wa zamani, Bill Bowerman. Kila mmoja alitoa dola 500, wakaanzisha Blue Ribbon Sports. Dola hizo 1,000 zilinunua pea 300 za Tiger kutoka kampuni ya Onitsuka ya Kobe, Japani. Knight alizipakia kwenye buti la gari na kuziuza viwanjani, kwenye mashindano ya riadha. Mauzo ya mwaka huo yalikuwa kama dola 8,000.

Wateja walikuwepo. Kilichowabana ni muda kati ya kulipa na kulipwa. Tuseme kiatu kinakugharimu dola 10 na duka linakilipa dola 16. Umeagiza pea 1,000, umetoa 10,000. Baada ya miezi kadhaa ya kiwandani, melini na kusubiri duka lilipe, mkononi una 16,000. Ni faida nzuri. Lakini soko limeshakua maradufu, na pea 2,000 zinataka 20,000. Umepungukiwa 4,000 kabla hujalipa kodi ya stoo wala mshahara wa mtu, na mwakani pengo litakuwa kubwa zaidi. Kampuni inayouza vizuri inaweza kufilisika kwa sababu hiyo hiyo ya kuuza vizuri. Benki za enzi hizo ziliangalia mtaji uliopo, si kasi ya mauzo, kwa hiyo kadiri Blue Ribbon ilivyokua ndivyo mkopeshaji alivyozidi kuingiwa na hofu.

Mambo mawili yaliiokoa. La kwanza ni Nissho Iwai, kampuni kubwa ya biashara ya Japani, iliyogharamia mizigo na kusubiri kulipwa baadaye pamoja na chake. Hilo lilikuja wakati mwafaka, kwa sababu uhusiano na Onitsuka ulikuwa unavunjika. Mwaka 1971 Blue Ribbon ilizaa chapa yake yenyewe, Nike, na alama yake ilichorwa na mwanafunzi Carolyn Davidson kwa dola 35. La pili ni Futures, katikati ya miaka ya 1970.

Oda iliyosainiwa ina thamani ambayo matumaini hayana. Ukienda kwa mkopeshaji na karatasi za maduka yaliyojifunga kuchukua pea elfu kadhaa, anajua fedha yake itarudi kutoka wapi. Kiwandani faida yake ni kubwa vilevile. Kiatu hushonwa juu ya foroma, lile umbo la mguu, na kila saizi ina foroma zake na kalibu ya soli yake. Kiwanda kisichojua zitatakiwa pea ngapi za saizi 42 na ngapi za 45 kitatengeneza foroma nyingi mno au chache mno, na kote ni hasara. Kikipewa hesabu kamili miezi sita kabla, kinanunua ngozi na mpira kwa kipimo na kupanga zamu za wafanyakazi. Nike ilikuwa ikitegemea zaidi viwanda vya watu wengine, kwa hiyo hesabu hiyo ilikuwa karata yake kubwa ya kujadiliana bei.

Maduka yalikubali kwa sababu Wamarekani walikuwa wameshikwa na homa ya kukimbia, na duka lisilo na raba lilimpoteza mteja papo hapo. Mwenye duka alipewa pia punguzo la bei.

Ila hatari haikuondoka, ilihamia kwake. Akikosea makadirio, saizi za kati zinaisha wiki chache tu na rafu zinabaki na zile ndogo sana na kubwa sana. Kampuni nayo inaweza kupofuka, kwa kuwa daftari la oda linaonyesha walichofikiri wenye maduka nusu mwaka uliopita, si anachotaka mteja leo. Kampuni pinzani ya Reebok ilipotoa raba ya Freestyle mwaka 1982 kwa wanawake waliofanya mazoezi ya erobiki, Nike ilichelewa kuliona soko hilo, na kabla muongo haujaisha Reebok ilikuwa imeipita Nike kwa mauzo nchini Marekani.

Hata hivyo mfumo ulidumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya asilimia 80 ya viatu ambavyo Nike iliuzia maduka ya Marekani vilipitia oda hizi. Kuanzia 2017 kampuni iliegemea kuuza yenyewe kwa mteja, kwa programu ya simu na maduka yake, na ikaachana na wauzaji wengi. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa kosa: ukimwondoa mwenye duka, unaondoa pia aliyejifunga kuchukua mzigo. Mwaka 2021 viwanda vya Vietnam vilifungwa kwa corona na wiki 10 za uzalishaji zikapotea. Mizigo ilipokuja kurundikana, mwisho wa Agosti 2022 stoo za Nike zilikuwa na bidhaa za dola bilioni 9.7, ongezeko la asilimia 44 kwa mwaka mmoja, na nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Mauzo ya mwaka wa fedha ulioishia Mei 2025 yalikuwa dola bilioni 46.3, kutoka 51.4 mwaka uliotangulia. Elliott Hill, aliyeshika uongozi Oktoba 2024, anazunguka tena kwa wenye maduka kuwaomba oda za msimu ujao.