Harufu kali ya bwawa si dawa kuzidi

Hapa Mbeya, macho ya watoto yakiwasha kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani, mwenye nyumba huambiwa kazidisha dawa, yaani klorini. Naye huacha kuiweka wiki nzima, jambo linalonisikitisha sana. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha. Mara nyingi dawa imepungua! Nimeona kijikaratasi cha kupimia kikitoka kwenye maji yanayonuka vile kikiwa cheupe pe, yaani klorini huru, ile ambayo bado haijaungana na uchafu, hakuna. Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, 7.2 hadi 7.8. Klorini ikipungua, ongeza jioni, pampu ikizunguka, bila mtu majini. Na watoto waoge kwa sabuni kabla ya kuingia, hata Julai kwenye baridi.