Unasoma sekondari mtandaoni? Shughulikia usajili wa mtihani kabla ya kununua bando

Msimu wa usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wanaofanya mtihani wa taifa bila kuwa wanafunzi wa shule, umefika, na malalamiko mezani kwetu yameongezeka. Mengi yanatoka kwa watu wa aina moja: kijana au mtu mzima wa hapa Dar es Salaam aliyejisomea sekondari kwa simu, akalipa ada ya "shule ya mtandaoni" mwezi baada ya mwezi, akasoma kwa bidii ya kweli, kisha anakuja kugundua kwamba hana kituo cha mtihani na pengine hana hata sifa za kukaa mtihani wenyewe. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa wale wanaopanga kuifuata njia hiyo mwaka huu.

Kusoma mtandaoni hakukatazwi, na sisi tulio kwenye elimu ya watu wazima ndio wa mwisho kumvunja mtu moyo. Nchi hii imesomesha watu nje ya darasa kwa miaka mingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza na kujadiliana kwa vikundi. Simu ya leo ina uwezo mkubwa kuliko redio ile. Tatizo liko kwingine: watu wanadhani anayefundisha ndiye anayetoa cheti. Cheti cha kidato cha nne na cha sita hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lililoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Programu ya simu haina mamlaka hayo, wala chaneli ya YouTube, wala mwalimu wa kundi la WhatsApp, hata awe hodari kiasi gani.

Hivi karibuni kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu Kariakoo alituletea "cheti cha kuhitimu kidato cha nne". Karatasi ilikuwa ngumu, ya kung'aa, imechapishwa kwa rangi stesheneri, ina muhuri wa dhahabu na maneno ya pongezi. Jina lake la ukoo lilikosewa herufi moja. Namba ya mtahiniwa haikuwepo, wala alama ya somo hata moja. Alitaka tumwelekeze namna ya kuomba kidato cha tano. Tulipomuuliza alifanyia mtihani kituo gani, alisema majaribio yote aliyafanya kwenye simu. Hakuwa mjinga hata kidogo. Hesabu tulizompa palepale alizifanya vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba masomo na mtihani ni mambo mawili.

Sasa utaratibu. Naomba usomwe wote, maana watu husoma nusu kisha wanapiga simu kuuliza kilichoandikwa kwenye nusu ya pili.

Kama hukuwahi kusoma sekondari, au uliishia njiani bila kufaulu upimaji wa kidato cha pili, huwezi kurukia mtihani wa kidato cha nne. Unaanza na Mtihani wa Maarifa, huu unaoitwa QT mtaani, ambao maudhui yake ni ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu ndipo unaruhusiwa kujisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyefaulu upimaji wa kidato cha pili shuleni akaacha baadaye hahitaji QT. Aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, hata kama alipata sifuri na hata kama ni miaka kumi iliyopita, naye hahitaji QT, huyo anarisiti, yaani anarudia mtihani. Swali hili tunaulizwa kila siku na jibu halijawahi kubadilika.

Usajili wa QT na kidato cha nne, kwa ratiba ya miaka ya karibuni, hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari kwa ada ya kawaida, kisha Machi huachwa kwa wachelewaji wanaolipa na faini. Ada imekuwa shilingi 50,000 kwa kidato cha nne na 30,000 kwa QT. Mchelewaji hulipa 65,000 na 40,000. Thibitisha kwenye tangazo la mwaka husika katika tovuti ya NECTA, usitegemee picha inayozunguka kwenye makundi. Unakwenda mwenyewe kwenye kituo cha mtihani unachokitaka, unapewa namba rejea, unaingia kwenye mfumo wa usajili na kujaza taarifa zako, unapata kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, unalipa kwa simu au benki. Malipo ya mtihani hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Narudia: hayaendi kwenye namba ya mtu, awe mwalimu, mkuu wa kituo au kishoka anayejiita wakala. Ukishalipa, rudi kwenye mfumo uhakikishe usajili umekamilika, kisha chapisha nakala yako.

Jina lijazwe kama lilivyo kwenye vyeti vyako vya awali, herufi kwa herufi. Mwanaidi asigeuke Mwanahidi kwa sababu kijana wa stesheneri alikuwa na haraka. Hati ya kiapo ya mahakamani haibadilishi jina lililokwisha kuchapishwa kwenye cheti, na anayekuja na tofauti ya herufi moja kati ya cheti na kitambulisho cha NIDA anajikuta kwenye mzunguko ambao angeukwepa kwa dakika tano za kusoma alichojaza.

Wa kidato cha sita wanatakiwa kuwa na ufaulu wa angalau C tatu katika mtihani wa kidato cha nne. D tatu hazitoshi, na kumsihi ofisa hakusaidii.

Kuna uvumi kwamba cheti cha mtahiniwa wa kujitegemea hakina thamani. Si kweli. Namba yako inaanza na herufi P badala ya S, basi. Mtihani ni uleule, siku ileile, karatasi ileile. Tofauti ya maana iko kwenye alama, na hii ndiyo ingestahili kuwasumbua watu: mwanafunzi wa shule anaingia kwenye mtihani akiwa na alama za maendeleo zinazomchangia asilimia 30. Wewe huna akiba hiyo. Alama zako zote zinatoka kwenye karatasi ya siku ile.

Kwa hiyo namna ya kusoma nayo inabadilika. Anayesoma kwa simu anazoea kugusa jibu sahihi kati ya manne, anaona alama ya kijani, anaendelea mbele. Mtihani unamtaka akae kwa muda wa saa tatu na kalamu, aandike insha ya Historia kwa Kiingereza, achore mchoro wa Biolojia na kuupa majina. Tumewaona watu wanaoeleza mada vizuri kwa mdomo wakashindwa kumaliza maswali kwa sababu mkono haujazoea kuandika. Chukua pepa ya mwaka uliopita, zima simu, weka saa mezani, andika mpaka mwisho. Fanya hivyo kila wiki. Baada ya hapo fungua ripoti za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zipo bure kwenye tovuti yake, uone watahini wanalalamikia nini kwenye kila swali. Humo kuna hadi picha za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mkono. Inasikitisha kwamba mtu analipia "siri za mtihani" kwenye Telegram wakati watahini wenyewe wameandika wanachotaka, somo kwa somo.

Wa sayansi wana mzigo wa ziada. Fizikia, Kemia na Biolojia zina mtihani wa vitendo, na video haimfundishi mtu kushika bureti wala kusoma kiwango cha kimiminika kwa jicho lililo usawa wake. Kabla ya kuchagua kituo, uliza kama kina maabara na kama kitawapokea watahiniwa wa kujitegemea kwa masomo hayo. Kisha tafuta mahali pa kufanyia mazoezi mapema, kwa makubaliano na kituo au shule, si wiki ya mwisho.

Kuhusu vitabu, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya sekondari bila malipo. Hakikisha unasoma toleo linalolingana na mtihani wako. Mtaala ulioboreshwa unaingia kwa awamu kuanzia Januari 2024, na mtandaoni kumejaa masomo ya mtaala mmoja yanayouzwa kwa watu wa mtaala mwingine. Fomati ya mtihani ya NECTA ya mwaka wako ndiyo mwamuzi. Anayekosa utulivu nyumbani, na tunaelewa chumba kimoja cha Tandika au Mbagala chenye watu watano kilivyo, aende Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo iko mtaa huohuo. Ina mpango wa sekondari kwa ujifunzaji huria na masafa, hatua ya kwanza ikilenga QT na ya pili kidato cha nne. Mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito wasijifiche nyumbani na simu. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu warudi kwenye mfumo rasmi, na njia mbadala hii ipo kwa wale wasiotaka kuvaa tena sare.

Kwa wanaosomea mitihani ya nje kama ya Cambridge: nayo haifanyiki kwa kujisajili moja kwa moja na mtoa mtihani. Unapitia kituo kilichoidhinishwa, na baadhi ya masomo yenye kazi za darasani hayapokei watahiniwa binafsi. Cheti chake ukikitumia hapa nchini utatakiwa kukipeleka NECTA kilinganishwe. "Diploma ya sekondari" inayotumwa kwa baruapepe siku tatu baada ya malipo haitapita hapo.

Adhabu. Anayekamatwa akifanya udanganyifu kwenye mtihani hufutiwa matokeo yote, hata ya masomo aliyoyafanya kwa haki. Simu chumba cha mtihani hairuhusiwi, iwe imewashwa au imezimwa, iwe kwenye soksi au kwenye ushungi, na "nilisahau" haipunguzi kosa. Anayemfanyia mwenzake mtihani na anayefanyiwa wote wanakabidhiwa kwa polisi. Kughushi cheti ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 337, inataja kifungo cha hadi miaka saba, na kukitumia cheti hicho huku ukijua ni cha kughushi ni kosa lingine linalojitegemea. Anayedhani vyeti havikaguliwi akumbuke Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Rais aliagiza waondolewe kazini.

Kama umekwisha kutapeliwa na shule ya mtandaoni, usifute mazungumzo kwa hasira. Hifadhi jumbe, risiti za miamala na namba zilizotumika, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ufungue jalada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ulaghai wa aina hii. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu utume kwenda namba 15040. Kisha fika kituo cha mtihani hukohuko mtaani kwako, mapema, ukiwa na vyeti vyako vya awali. Masomo uliyoyasoma hayajapotea, na kama tarehe ya mwisho haijapita, bado unaweza kukaa mtihani Novemba hii.