Hela ya jengo la pwani inafungwa Juni, chokaa bado haijaiva

Nipo Moshi, na kila nikipanda kutoka pwani, ambako nakarabati nyumba za zamani kwa chokaa, rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbuyuni ananiuliza swali lilelile: "Sasa mangi, si mpige tu sementi yaishe?" Naandika hapa kwa sababu watu wanaotoa hela za ukarabati nao huwa wanauliza hivyohivyo, na jibu watakaloshika wao ndo linaamua jengo liishi au lianguke.

Ukuta wa nyumba ya zamani ya pwani sio bloku kama zetu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, mnene nusu mita hivi, na juu zinalala boriti za mikoko, ndo maana vyumba vingi ni vyembamba, boriti haifiki mbali. Ukuta huo unakunywa maji toka ardhini alafu unayatoa kupitia lipu ya chokaa, yani unapumua. Ukipiga sementi umeuziba, maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, mawe yanaanza kugeuka vumbi, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zinaoza bila mtu kuona. Mwaka wa kwanza panapendeza kweli, na picha za mwaka wa kwanza ndo zinaingia kwenye ripoti.

Chokaa inataka muda. Inalowekwa shimoni, wiki ni kidogo, miezi ndo inafaa, alafu inapakwa tabaka jembamba jembamba huku unamwagia maji isikauke haraka. Hela nayo ina kalenda yake, mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30 na wafadhili wana tarehe zao. Mradi mmoja niliofanya hela ilichelewa, zikabaki wiki chache, tukaambiwa ukuta wa upande wa bahari tumalizie kwa sementi ili hela isirudi. Nilipinga, nikaandika barua, nikashindwa. Masika mbili tu lipu ikaanza kuachia, na inaniuma mpaka leo.

Angalia Beit al Ajaib pale Forodhani, Unguja. Sultani Barghash alilijenga 1883, nguzo za chuma na varanda pande zote, na Mji Mkongwe ukaingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ikaanguka. Baadae Oman wakatoa hela ya ukarabati, kazi ikaanza, na Desemba 25, 2020 upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa. Mimi sikuwa kwenye kazi ile kwahiyo simnyooshei mtu kidole, ila nimefungua kuta nyingi za pwani na najua paa likivuja miaka hakuna ukuta unaosubiri hela kubwa ije. Kuokoa inawezekana lakini. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, yakatolewa 2014, miaka kumi ya kazi.

Sasa hivi nina andiko la kuomba hela ya nyumba moja Tanga, na kuna vipengele viwili nagombania: hela ya kuloweka chokaa kabla mafundi hawajaingia, na hela kidogo kila mwaka baada ya kumaliza, ya kusafisha gata na kuziba paa. Cha pili wameshakikata mara mbili, wanasema matengenezo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni ukoo wa warithi kibao ambao wengine hawajawahi hata kulala humo. Nimekirudisha tena.

Hicho cha kwanza sitangoji majibu. Tumechangishana wenyewe, Jumatatu nashuka Tanga tukachimbe shimo.