Usiing'arishe Kabla Sijaiona

"Nimeisafisha kidogo ili uione vizuri." Nikishasikia maneno hayo mlangoni kwa mtu aliyeniletea zana ya kale ya uvuvi niithamini, hata miwani sina haraka ya kuvaa. Safari hii ilikuwa rili (kigurudumu cha kuviringishia uzi wa kuvulia) ya Hardy, modeli ya Perfect ya shaba ya njano tupu, imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe na inameremeta kama sufuria ya dukani. Mwenyewe alikuwa ameisugua siku mbili kwa dawa ya kung'arishia shaba, na sasa anasubiri nimpongeze.

Jambo hili nimelisema hadi koo limenikauka: kung'aa hakuongezi thamani ya zana ya kale ya uvuvi. Kunaila.

Kampuni ya Hardy ya Alnwick, Uingereza, ilipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya Perfect mwaka 1888, na zile za mwanzo za shaba hazikutoka kiwandani ziking'aa. Zilitiwa rangi ya hudhurungi iliyokolea, maana chombo kinachomulika jua mtoni huwashtua samaki. Mabaki ya rangi hiyo, hata yakiwa pembezoni mwa skrubu na chini ya mguu wa rili, pale inapofungwa kwenye ufito, tu, ndiyo mkusanyaji anayoyatafuta, na orodha za minada hutaja waziwazi kilichosalia ni kiasi gani. Ukishaisugua hairudi. Mteja wangu akauliza kama kuna dawa ya kuitia giza upya. Ipo, na ndiyo maana wanunuzi hutembea na lenzi: giza la dawa hulala sawasawa kila mahali, hadi pale ambapo vidole vya mvuvi vilipaswa kuwa vimeshapalamba kwa miaka.

Tena dawa ya kung'arishia haichukui rangi peke yake, inachukua na shaba yenyewe. Kwenye Perfect za zamani kuna nembo ya mkono ulioshika ufito wa kuvulia. Nembo yenye kingo kali ni pesa. Nembo iliyosuguliwa hadi ikawa kivuli humfanya mnunuzi arudishe rili mezani bila kuuliza bei.

Halafu skrubu. Mtu anataka kusafisha ndani, anachukua bisibisi yoyote ya jikoni, mdomo wake mpana kuliko mfereji, na kichwa cha skrubu kinachanika. Katika rili za mafundi wa Kentucky, Marekani, kama zile za Meek, skrubu zilitiwa alama ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Unazimwaga zote kwenye kibakuli, unazirudisha ovyo, kisha unaniuliza kwa nini mpini hauzunguki kama zamani! Mimi huanza na vichwa vya skrubu kabla ya jina la mtengenezaji, na nakushauri nawe uvipige picha kabla ya kitu kingine chochote. Vinasema nani alipita humo na alikuwa na adabu kiasi gani.

Chambo bandia za mbao nazo zina wauaji wake, ila hawa hutumia brashi. Chambo ya mtengenezaji Heddon wa Dowagiac, Michigan, Marekani, yenye macho ya kioo na makovu ya meno ya samaki, ina soko. Ile ile ikirembwa upya na mjukuu mwenye mapenzi mema, imeshakuwa kipande cha mbao chenye macho ya kioo. Wala usidhani haitajulikana: chini ya taa ya urujuanimno (UV) rangi mpya mara nyingi huwaka tofauti na ya zamani, na rangi ya kweli huwa na nyufa nyembamba ambazo brashi haiziigi vizuri.

Naweza kuruhusu nini? Brashi laini ya kuondoa vumbi, na tone la mafuta mepesi kwenye ekseli. Ufito wa mwanzi uliopasuka unaweza kutengenezwa na fundi anayeujua mwanzi, mradi ukiuza useme. Ukiona mkono wako unaelekea kwenye msasa, funga sanduku.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia haraka, maana hayaniumizi kichwa kiasi hicho.

"Imeandikwa 1924, kwa hiyo ni ya 1924." Kwenye rili za kampuni ya Shakespeare ya Marekani namba hiyo ni ya modeli. Mwaka umejificha kwenye herufi mbili zilizo karibu nayo: K ni 1, J ni 2, H ni 3, G ni 4, F ni 5, E ni 6, D ni 7, C ni 8, B ni 9 na A ni 0. Kwa hiyo GE ni 1946. Vivyo hivyo tarehe ya hataza: inakuambia rili haikutengenezwa kabla ya siku hiyo, basi. Na hata ikiwa kuukuu kweli, zilizotengenezwa kwa maelfu hubaki kuwa za maelfu.

"Fito za mwanzi, ziko kwenye sanduku lake la mbao, na vikorokoro vyote." Hizi huletwa kwangu kama urithi wa mfalme. Nyingi ni seti za Japani za baada ya Vita Kuu ya Pili, walizonunua wanajeshi kama kumbukumbu. Sanduku zuri, mwanzi dhaifu, bei ya pambo la ukutani.

"Nimeona moja iliuzwa dola 100,000." Umeona Haskell Minnow, chambo kubwa ya shaba nyekundu, iliyouzwa mnadani Marekani mwaka 2003 kwa dola 101,200. Hataza ya Riley Haskell ni ya 1859, na kubwa kama ile hazipatikani. Yako ni ya plastiki. Na bei anayoitaka muuzaji mtandaoni ni matumaini yake tu. Tazama zilizokwisha kulipwa.

Nimeacha maboksi mwisho kwa makusudi. Boksi la karatasi la chambo, likiwa na maandishi yake na namba inayolingana na chambo yake, linaweza kuwa na thamani kuliko chambo yenyewe, hata likiwa tupu. Yule mwenye Perfect alikuwa pia na chambo sita kwenye mfuko wa plastiki. Nikamuuliza maboksi yako wapi. Alikuwa ameyachoma wakati wa kusafisha.